Daftari la Riyali Mia Saba

Msichana wa kuhesabu kaya aliyebisha mlangoni Jumamosi ile alikuwa na kitambulisho shingoni na tabuleti ndogo mkononi, na swali lake la kwanza lilionekana jepesi: kaya yetu ilikuwa na watu wangapi? Alinieleza kwa subira kwamba kaya ni watu wanaoishi pamoja, wanaomtambua mkuu mmoja na wanaokula chungu kimoja. Nikahesabu kwa vidole: mimi, binti yangu, na watoto wawili wa dada yangu mkubwa. Nikamtaja na dada mwenyewe. Akauliza dada yuko wapi, nikamwambia yuko Riyadh, na ana mwaka na zaidi hajakanyaga Kayole, mtaa wetu hapa Nairobi. Basi huyo hatumhesabu, alisema, na kidole chake kikapita juu ya kioo. Nikamtaja mama yetu, ambaye yuko kijijini, Mwingi, lakini unga wake hununuliwa kwa pesa zinazopitia simu yangu. Huyo naye, nikaambiwa, ni wa kaya nyingine. Tukabaki wanne, na maswali yakaendelea kwenye sakafu, paa, choo na redio.

Swali lile lilinikaa kwa sababu mimi ni mtu wa hesabu. Ninafanya kazi ya ukarani katika duka la vipuri vya magari kwenye Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado huiita Grogan, na tangu dada aondoke Januari 2018 hadi aliporejea Agosti 2024 niliandika kila shilingi iliyotoka kwake na mahali ilipokwenda. Daftari lenyewe ni la jalada gumu, aina ile ambayo wenye maduka huandikia madeni ya wateja, nami nililipiga mistari kwa rula: tarehe, kilichoingia, kodi, chakula, shule, mama, deni, michango, mengineyo. Watu wengi husimulia habari za pesa za ng'ambo kwa kutazama nyumba iliyojengwa au isiyojengwa. Mimi nina daftari, na linasimulia habari tofauti na ile niliyokuwa nikijisimulia mwenyewe.

Kabla dada hajaondoka tulikuwa watu wazima wawili na watoto watatu katika nyumba ya chumba kimoja na sebule, kodi shilingi 7,000 kwa mwezi. Mshahara wangu ulikuwa 21,000. Dada alikuwa akifua nguo katika nyumba za watu huko Buruburu na Donholm, na katika mwezi mzuri alipata kama 8,000. Mama alitumiwa 4,000 kila mwezi bila kukosa. Utafiti wa serikali wa bajeti za kaya wa 2015/16 uliweka mstari wa umaskini kuwa shilingi 5,995 kwa mwezi kwa kila mtu mzima mijini, na 3,252 mashambani, na katika hesabu hiyo mtoto wa miaka 5 hadi 14 huchukuliwa kuwa 0.65 ya mtu mzima. Siku nilipoifahamu kanuni hiyo nilichukua kikokotoo. Sisi watano tulikuwa sawa na watu wazima 3.95, na shilingi 25,000 zilizobaki baada ya fungu la mama zilimpa kila mmoja 6,329. Tulikuwa tumeupita mstari kwa shilingi 334, nauli ya matatu ya siku tatu hivi, kutoka Kayole hadi mjini na kurudi. Na mstari wenyewe ulikuwa wa bei za miaka miwili nyuma. Kwa bei za 2018 sidhani kama tulikuwa tumeupita.

Dada alipoondoka hatukupanda, tulishuka. Jambo hili sijawahi kusikia likisemwa kwenye vikao vya kuaga wasafiri. Safari ya Saudia husemwa kuwa ni ya bure kwa sababu mwajiri ndiye anayelipa tiketi na viza, lakini kabla ya tiketi hiyo kuna pasipoti, vipimo vya hospitali, cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, mafunzo ya kazi za nyumbani, nauli za kwenda kwa wakala na kuambiwa urudi wiki ijayo, na siku zote hizo ambazo mtu hafui nguo za watu. Jumla ilifika 48,000. Chama chetu cha kuweka akiba na kukopeshana kilitukopesha 30,000, na 18,000 zilizobaki tulizichukua kwa shailoki mmoja wa mtaani kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Januari, Februari na Machi hakikuingia chochote, kwa kuwa mshahara wa kwanza ulicheleweshwa. Yale mapato ya kufua hayakuwepo tena, na mshahara wangu ukiondoa fungu la mama uliwapa wale sawa na watu wazima 2.95 waliobaki shilingi 5,763 kila mmoja, chini ya mstari, huku riba ya shailoki ikipanda kwa 3,600 kila mwezi. Ilipofika Aprili deni lake lilikuwa 28,800.

Pesa ya kwanza iliingia tarehe 11 Aprili: riyali 700 kati ya mshahara wake wa 900, ambazo kwa dola ya wakati ule, kama shilingi 101, zilikuwa karibu 18,800. Nakumbuka nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya mama mboga na sukuma wiki mkononi, simu ikatetemeka, nikasoma ujumbe mara tatu kabla ya kulipa. Pesa hizo hazikulala nyumbani. Zilikwenda kwa shailoki jioni ileile, na za Mei zikamalizia, kisha chama kikalipwa mpaka mwisho wa Agosti. Ukurasa wa kwanza ambao safu ya deni ni tupu ni wa Septemba 2018. Miezi minane tangu aondoke, ndipo riyali za dada ziliponunua kitu cha kaya yetu: godoro la watoto, na gunia la mahindi kwa mama. Anayetaka kujua kama pesa za ng'ambo huondoa umaskini afaa aulize kwanza ni mwezi wa ngapi, kwa maana jibu la Machi na jibu la Oktoba si moja.

Kuanzia hapo mambo yalinyooka, nami sitajifanya kuwa hayakunyooka. Mama aliongezewa 5,000, na sisi wa Kayole tukabaki na kama 30,800 kwa mwezi, zaidi ya 10,000 kwa kila mtu mzima katika hesabu ile. Kwa takwimu tulitoka kwenye umaskini kwa ujumbe mmoja wa simu. Tulianza kununua unga kwa bandali badala ya pakiti moja moja, jambo ambalo lilitupunguzia gharama kuliko nilivyotarajia, kwa maana maskini hununua kila kitu kwa bei ya juu kwa sababu hununua kidogo kidogo. Binti wa dada alifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2019 akaitwa shule ya taifa ya bweni yenye karo ya 53,554 kwa mwaka, na Januari 2020 tulimpeleka na sanduku, godoro, ndoo na kila kilichoandikwa kwenye orodha. Mama mwenyewe hakuamini kwamba hatukupitisha karatasi ya mchango.

Kuna jambo moja la miezi hiyo ambalo linanitia haya. Jumamosi nilikuwa nimeanza kwenda Eastleigh kuwaandikia hesabu wenye duka moja la vitambaa, wakinilipa 3,500 kwa mwezi. Februari 2019 niliacha. Nilimwambia dada kwamba kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha, nilikuwa nimechoka, na riyali zilikuwa zinaingia. Wachumi wana maneno yao ya kueleza tabia ya mpokeaji kulegea anapojua kuna mkono unaotoa, na walegevu wenyewe huwa na maneno yao, la kwangu likiwa ni kwamba watoto walihitaji mtu mzima nyumbani Jumamosi. Yote mawili yalikuwa kweli. Lakini mtu aliyelipia Jumamosi zangu alikuwa akisugua sakafu Riyadh siku saba kwa wiki, na hilo sikuliandika popote.

Safu iliyokuwa ikiniudhi kuliko zote ni ya michango. Habari kwamba dada yuko Uarabuni zilifika kijijini kabla ya riyali zenyewe, na watu tusiokuwa tumeonana nao miaka mingi wakaanza kunipigia: mazishi Mwingi, mahari Matuu, bili ya hospitali, mtoto wa jirani wa zamani aliyekosa karo. Kati ya Septemba 2018 na Januari 2020 safu hiyo ilifika shilingi 61,400. Niliona ni hasara tupu. Nilimwandikia dada mara moja kwamba tunalisha wilaya nzima, naye akajibu kwa ujumbe wa sauti, kwa ile sauti yake ya chini ya kuongea chooni usiku ili wenye nyumba wasisikie: "Mdogo wangu, toa. Hujui kesho." Nilitoa nikinung'unika, na kila nilipoandika jina la mtu nilikuwa kama ninaandika deni ambalo halitalipwa.

Kesho ilikuja upesi. Mkataba wa miaka miwili ulipokwisha, dada alirudi Februari 2020 apumzike wiki sita kisha aende kwa mwajiri mwingine mwezi wa Aprili. Katikati ya Machi shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Tarehe 25 Machi safari za ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa. Mwisho wa mwezi huohuo mwenye duka alituita nyuma ya kaunta, akatuambia hafukuzi mtu ila atalipa nusu mshahara, nami nikaenda nyumbani na 10,500. Sasa tulikuwa watu wazima wawili na watoto watatu tena, na kila mmoja katika ile hesabu ya 3.95 alikuwa na 2,658, chini ya nusu ya mstari, na kati ya zile 10,500 kodi peke yake ilitaka 7,000. Dada hakuweza kurudi kufua, kwani hakuna aliyetaka mgeni nyumbani mwake. Alikuwa na akiba ya riyali 1,100 aliyokuja nayo kwenye soksi, na ilipofika Juni ilikuwa imekwisha.

Kilichotubeba ni ile safu niliyoichukia. Kati ya Aprili na Septemba mwaka ule niliandika mara 41 katika safu ya kilichoingia pesa ambazo hazikutoka Riyadh. Kubwa kuliko zote ilikuwa 2,000. Nyingi zilikuwa 300, 500, 700. Wakati ule kutuma kwa simu kiasi kisichozidi 1,000 kulikuwa bila ada, kwa hiyo hata mtu mwenye 200 hakuona aibu kuituma. Jumla ilikuwa 23,650. Jioni moja, nikiwa sina la kufanya, nilirudi nyuma kwenye safu ya michango na kulinganisha majina, nikakuta kwamba pesa 29 kati ya zile 41 zilitoka kwa watu au jamaa za watu tuliokuwa tumewachangia. Yule wa mahari ya Matuu alituma mara nne. Na mama, ambaye kwa miaka yote alikuwa mpokeaji, alitutumia gunia la ndengu kwa dereva wa lori, kwa sababu kuanzia 6 Aprili hadi 7 Julai abiria hawakuruhusiwa kuingia wala kutoka Nairobi lakini mizigo ilipita. Nilikwenda kulichukua gunia hilo alfajiri karibu na barabara kuu. Lilikuwa limeshonwa kwa kamba ya mkonge, na ndani, juu ya ndengu, kulikuwa na karatasi ya daftari la shule imekunjwa: "Pikeni na mbegu mniwekee."

Baadaye nilisoma kazi ya wanauchumi William Jack na Tavneet Suri, waliofuatilia kaya za Kenya katika miaka ya mwanzo ya M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu iliyoanza Machi 2007. Waligundua kwamba kaya zisizotumia huduma hiyo zilipopatwa na pigo la ghafla, kama ugonjwa au kupoteza kazi, matumizi yake yalishuka kwa asilimia 7, ilhali ya kaya zilizoitumia hayakushuka, kwa sababu pesa ziliwafikia kutoka kwa watu wengi zaidi na wa mbali zaidi. Katika kazi yao ya 2016 walikadiria kwamba kaya 194,000, asilimia 2 ya kaya zote za Kenya, zilitoka kwenye umaskini uliokithiri kwa sababu ya kufikiwa na huduma hiyo. Nilipofika kwenye ile asilimia 7 niliweka kando kile nilichokuwa nikisoma, nikafungua kurasa zangu za 2020. Yetu ilikuwa imeshuka zaidi ya hapo, kwa kuwa pigo letu lilikuwa la kila mtu kwa wakati mmoja, na bado hatukulala njaa wala kufungiwa nyumba. Tangu hapo siamini sana picha ya ngazi ambayo familia hupanda kwa pesa za ng'ambo. Ninavyoona mimi pesa hizo ni kama wavu: haukuinui, na thamani yake huijui ila siku unapoanguka, na ni lazima uwe umeusuka mapema kwa vijiuzi vya michango unavyoviona vya bure.

Dada aliondoka tena 2021, kwa mshahara uleule wa 900. Safari hii nilikuwa mkali zaidi na ada. Kule kwake kila kutuma kulitozwa kama riyali 20, iwe unatuma 700 au 100. Kwa 700 hiyo ni chini kidogo ya asilimia 3, ambayo ndiyo shabaha ambayo mataifa yamejiwekea kufikia 2030, na ni nafuu ukizingatia kwamba wastani wa kutuma Afrika kusini mwa Sahara umekuwa kama asilimia 8. Lakini kwa riyali 100 ada ileile ni asilimia 20. Katika daftari la miaka ya mwanzo nina "dharura" za namna hiyo 17: mtoto amevunja miwani, tokeni za stima zimekwisha, mwalimu ametaka pesa za safari. Nilikuwa nampigia dada kwa kila kimoja, naye anatuma. Mwaka 2021 tuliweka fungu la 5,000 chini ya bati la sukari, likiguswa linarudishwa mwezi unaofuata, na dharura zikawa mbili kwa mwaka. Hakuna aliyetufundisha hilo. Na hata ada si gharama yote. Kiwango anachopewa kwenye dirisha la kutuma pesa huwa chini kidogo ya kile kinachosomwa redioni, na tofauti hiyo haiandikwi kwenye risiti kama ada.

Kuhusu kiwango, kuna kituko ambacho sikukielewa mpaka nilipokipigia hesabu. Riyali imefungwa kwenye dola, 3.75 kwa dola moja, tangu 1986. Kwa hiyo shilingi yetu ilipoporomoka mpaka dola ikapita 160 mnamo Januari 2024, zile riyali 700 zilizokuwa 18,800 mwaka 2018 zikawa karibu 29,900 bila dada kuongezewa hata riyali moja. Mtaani watu walilia bei ya mafuta ya taa na ya kupikia, nasi tulilia pamoja nao, lakini usiku nilikuwa naandika tarakimu kubwa kuliko zote za daftari. Kisha shilingi ikapata nguvu, na kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa kama 129. Riyali 700 zikarudi hadi 24,100. Redioni ilikuwa habari njema kwa taifa. Bei dukani hazikushuka kwa kasi hiyo, na karo haikushuka hata kidogo. Kwa muda wa miezi michache tulipoteza kama 5,800 kwa mwezi, nami sikuwa na wa kumlalamikia, kwa kuwa hakuna aliyekosea.

Redio ya dukani husoma kila mwezi takwimu za Benki Kuu za pesa walizotuma Wakenya walio nje, na wenzangu hunigeukia kwa utani kana kwamba zote ni za kwetu. Mwaka 2004 zilikuwa kama dola milioni 338. Mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5, zaidi ya zinazoletwa na majani ya chai. Ninapenda kuzisikia. Lakini zaidi ya nusu hutoka Marekani, na aliyefika Marekani mara nyingi ni muuguzi, mhasibu, mtu ambaye kwao palikuwa na shamba la kuuza au mzazi mwenye mshahara. Aliyekuwa akifua nguo Donholm haendi Marekani. Yeye huenda nchi za Ghuba, kwa riyali 900, na hata huko hafiki bila chama na shailoki. Wale walio chini kabisa ya mstari, ambao hakuna chama kinachowakubali, hawana wa kumtuma, na kwa hiyo hawana wa kuwatumia. Jirani yetu wa mlango wa tatu ni mmoja wao. Katika miaka yote hiyo, riyali zilimfikia kwa njia mbili tu: kibaba cha unga nilichompa binti yangu ampelekee, na malipo ya kunifulia mapazia wakati wa Krismasi.

Kati ya vyote vilivyonunuliwa, viwili ndivyo ninavyovifikiria zaidi. Kimoja ni tangi la plastiki la lita 5,000 tulilompelekea mama mwaka 2019, pamoja na mifereji ya mabati. Kabla yake alikuwa akichimba mchanga wa mto mkavu kutafuta maji, akiondoka saa kumi alfajiri. Mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu katika ule ukame mrefu wa kuanzia 2020, tangi halikuwa na cha kukinga, na wapo waliomcheka. Lakini maji yaliletwa kwa punda na kwa boza, na mwenye mahali pa kuyaweka alinunua mengi kwa bei nafuu, ilhali mwenye mitungi miwili alinunua kila siku. Majirani wakaanza kuweka yao kwake. Tangi hilo lilimpa mama heshima ambayo 9,000 zetu za kila mwezi hazikuwahi kumpa, maana pesa zikiisha zimeisha.

Kingine ni ploti. Mwaka 2022 tulianza kulipia ploti ya futi 50 kwa 100 kando ya Barabara ya Kangundo, kwa kampuni moja iliyokuwa na ofisi nzuri, vigae sakafuni na msichana wa kuwapa wateja maji ya chupa. Nililipa mimi, kwa niaba ya dada, kwa awamu 14, jumla 210,000. Nilionyeshwa nakala ya hati ya shamba mama, yaani shamba zima kabla ya kukatwa ploti, na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Sikwenda kwenye ofisi ya ardhi kufanya upekuzi, ambao ungenigharimu shilingi mia chache na siku moja ya kazi. Mimi, ambaye huhesabu skrubu za wateja mara mbili! Mwisho wa 2023 tulikuta mtu mwingine amejenga msingi, naye ana risiti kama zetu, za kampuni ileile, za mwezi uliotangulia wetu. Suala hilo liko kwa wakili, na wakili naye hulipwa. Nimejiuliza sana kwa nini sikwenda. Sababu ni kwamba pesa hazikuwa zangu za jasho, na mwenye jasho alikuwa mbali asiweze kukanyaga ardhi yenyewe. Kati yetu wawili hakukuwa na mtu mmoja mzima aliyekuwa na pesa na macho kwa pamoja.

Kuhusu mtoto wa kiume wa dada nitasema kidogo. Alikuwa na miaka saba mama yake alipoondoka. Kwa muda mrefu aliniita mimi mama, na yule wa kwenye simu akamwita "mama wa Saudia", na tulicheka, mpaka siku moja nilimwona dada kwenye kioo cha simu akicheka nasi huku akiangalia pembeni.

Dada alirejea Agosti 2024 na masanduku mawili na goti la kulia lisilokunjika vizuri. Jioni ya tatu, watoto walipolala, aliniomba daftari. Aliketi kwenye stuli karibu na dirisha akasoma kuanzia ukurasa wa kwanza, akifuata kila mstari kwa kidole. Mara mbili alicheka. "Hata njugu za shilingi kumi, mdogo wangu?" Kwenye kurasa za ploti hakusema neno, aligeuza tu. Alipofika mwisho alirudi tena mwanzo, nami nikapika chai ya pili.

"Nimeona kodi," alisema. "Nimeona mama, nimeona shule, nimeona na huyu wa mahari ambaye hata sura yake siijui. Mimi niko wapi?"

Nilimwonyesha safu ya kilichoingia.

"Hiyo ni pesa, dada. Nimeuliza mimi."

Nilipekua, ingawa nilijua. Kwa miaka sita na nusu hakukuwa na hata ukurasa mmoja wenye shilingi ya kwake: hakuna sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, hakuna mchango wa NSSF wa kumfaa uzeeni, hakuna bima, na zile riyali 200 alizobaki nazo kila mwezi zilikuwa sabuni, vocha za simu na dawa za goti. Karani wa kaya aliyemfuta kwenye tabuleti yake alitumia sekunde moja. Mimi nilifanya hivyohivyo kila mwezi, kwa rula.

Kurasa zilikuwa zimebaki 11. Aliniomba kalamu, akapiga mstari kwa mkono kabla ya safu ya kodi, mstari uliopinda kidogo chini, akaandika jina lake juu yake. Kisha akaniuliza sacco ya pale kwetu kazini hupokea kuanzia shilingi ngapi. Nikamwambia mia tano.